Pambano usiloweza kushindwa

Leo sina simu mpya ya kuwaonyesha wala programu ya kupakua. Nina jambo linalonikera, kama mwandishi wa programu na kama mtu aliyekulia Kayole: yale mapambano ndani ya gemu ambayo mchezaji hawezi kushindwa hata akitaka.

Mnayajua. Bosi mkubwa anatokea, muziki unapanda, mstari wa uhai wako unashuka mpaka inabaki alama moja nyekundu. Halafu hauishi. Unapigwa, unapigwa, na hufi. Waliotengeneza gemu wameshaamua kwamba hadithi lazima iendelee, na wewe umeachiwa vitufe kama mtoto aliyekalishwa kwenye usukani wa matatu iliyoegeshwa.

Sisi tuliojifunzia gemu kwenye vibanda vya PlayStation 2 pande za Masimba tunalinusa hili haraka. Ulilipa shilingi 10 kwa mechi, na sheria ilikuwa moja: anayefungwa anaachia pedi, anarudi mwisho wa benchi. Ukiwa na shilingi 10 pekee, siku yako ya gemu imeishia hapo. Ndiyo maana tulikariri mapigo ya Tekken kuliko tulivyokariri masomo, na ndiyo maana watu wasio na hata shilingi walisimama mlangoni saa nzima wakitazama. (Najua mtaniuliza kuhusu mieleka ya kwenye televisheni. Ile tulitazama tu. Hakuna aliyetudanganya kwamba sisi ndio tunaopigana.)

Kwa upande wa programu, udanganyifu huu ni mstari mmoja: kama uhai uko chini ya 1, uhai uwe 1. Basi. Skrini inaonyesha hatari, lakini nyuma yake hakuna hatari yoyote.

Tusizitie gemu zote kapu moja, hata hivyo. BioShock ya mwaka 2007 ilikufufua bure kila ulipokufa, na adui akabaki na majeraha uliyomtia. Hata adui mkubwa ungeweza kummaliza kwa spana, ukifa na kurudi, ukifa na kurudi. Wachezaji walilalamika, na baadaye watengenezaji wakaongeza njia ya kuzima ufufuo huo. Prince of Persia ya 2008 ilifikiriwa vizuri zaidi: Elika anakuokoa kila mara, lakini bosi naye anapata nafuu, kwa hiyo kosa lako lina gharama. Hiyo naitetea, ingawa watu wengi waliicheka. Na Celeste ya 2018 inakuruhusu kuwa mtu asiyekufa kabisa, ila wewe mwenyewe ndiye unayeingia kwenye menyu na kuchagua. Mwenye mikono isiyo na kasi, au aliyechoka na kazi, anapata gemu yake na hakuna aliyemficha kitu.

Kwangu tofauti ndiyo hiyo. Nisaidie, lakini niambie.

Sasa niungame. Mimi pia nimewahi kuandika ule mstari. Nilikuwa natengeneza gemu ndogo ya simu: kuku anawalinda vifaranga wake dhidi ya mwewe. Pambano la mwisho lilikuwa gumu, nikaogopa watu watashindwa mara mbili, waifute, waende zao. Nikafanya kuku asife. Niliona nimewatendea wema.

Nikampa mtoto wa jirani yangu kwenye ploti aijaribu, kijana wa darasa la saba. Alicheza kwa bidii mpaka mwewe mkubwa akatokea. Akapigwa, akatazama ule mstari mwekundu, akapigwa tena. Kisha akaiweka simu juu ya ndoo, akaenda kujaza mtungi bombani. Aliporudi kuku alikuwa bado anapigwa.

"Anko, huyu mwewe ni wa uongo," akaniambia.

Halafu akauliza swali lililoniuma zaidi: je, yale mapambano mengine aliyoshinda kabla ya hapo, yalikuwa ya kweli? Yalikuwa ya kweli! Lakini ningemthibitishiaje? Ushindi wote alioupata kwa jasho niliuharibu kwa mstari mmoja, na yeye alikuwa amejivunia sana ule wa raundi ya nne.

Usiku huo niliufuta. Sasa ukishindwa unaanzia pambano hilohilo, hurudishwi mwanzo wa gemu. Ukishindwa mara tatu, unaulizwa waziwazi kama unataka mwewe apunguzwe nguvu. Ndiyo au hapana.

Yule kijana alinipitia jana jioni. Ameshindwa mara 14. Nilimwuliza kwa nini habonyezi ndiyo, akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akaomba chaja.