Mpira wa Breki Si Pambo

Kuna sentensi moja ambayo ningependa ipigwe marufuku katika kila nyumba, karakana na darasa la mkoa wa Songwe: "Hivyo vijimpira vya nini, mbona linatembea bila hivyo?" Huambiwa mtoto aliyeinama juu ya kichwa cha treni alichokiunda kwa kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu ya kandambili na waya wa uzio, akihangaika kukifunga puani vipande vinne vya mpira mweusi visivyozidi urefu wa kidole gumba. Anayesema hivyo hana ubaya. Anadhani anamwokolea mtoto muda. Mimi nasema anamnyang'anya sehemu ya kazi ile yenye elimu nyingi kuliko zote.

Maana kopo lenye magurudumu ni kopo tu. Likipakwa rangi ya bluu ni basi, likipakwa nyeupe ni gari la wagonjwa, na mtoto hakujifunza lolote katikati ya bluu na nyeupe. Nenda kasimame stesheni ya Tunduma treni ya mizigo ikiwa imesimama, utazame pua ya kichwa cha dizeli. Utaona kiungio kikubwa cha chuma katikati, na pembeni mwake mipira inayoning'inia kama ndevu, mingine imefungwa kwa mnyororo mdogo isiburuzike. Juu yake kuna soketi ya waya mnene. Mtoto aliyeviona vitu hivyo akarudi nyumbani navyo kichwani ametazama. Wengine tuliona treni ikipita.

Sisi wa Ikinga hatuna reli. Kata yetu iko Ileje, milimani upande wa Malawi, na anayetaka kuiona TAZARA sharti ashuke mpaka Tunduma, Vwawa au Mlowo. Kwa hiyo treni za watoto wetu zina damu ya malori. Utakuta kichwa cha treni chenye bomba la moshi refu kama la lori la masafa, na nyuma yake mipira miwili ya kujiviringa, mmoja mwekundu na mmoja wa njano, ile ile inayounganisha kichwa cha lori na tela. Wajuaji hucheka: treni gani hiyo? Lakini hebu itazameni ile mipira ilivyotengenezwa kabla hamjacheka. Mtoto huchukua waya wa umeme wenye ganda la plastiki, akauzungushia kwenye spoku ya baiskeli, mzunguko kando ya mzunguko bila kuacha nafasi, kisha akachomoa spoku. Kinachobaki ni springi laini inayovutika na kurudi. Akitaka mpira ulionyooka, anachukua mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha, anautia kwenye maji ya moto, anaupinda, anaushikilia mpaka upoe. Kwa mpira mnene anakata ukanda wa tyubu ya baiskeli na kuukunja kwenye kijiti. Hayo ni maarifa ya vifaa: kipi kinapindika, kipi kinakatika, kipi kinakumbuka umbo lake. (Wanaookota mipira ya dripu nyuma ya zahanati wakatazwe, tena kwa ukali. Hilo halina mjadala.)

Sasa turudi kwenye swali la "vya nini". Ni swali zuri, ila huulizwa na mtu asiyetaka jibu. Jibu lake ni hili. Katika matela mengi ya siku hizi, upepo unaopita kwenye mpira mwekundu ndio unaozizuia breki za tela zisikamate. Mpira ukikatika, upepo ukaisha, springi zinabana breki zenyewe na tela linasimama. Mpira wa njano kazi yake ni kupeleka amri ya dereva anapokanyaga pedali. Tandiboi yeyote wa Tunduma anakueleza hivyo bila kufungua kitabu.

Kwenye treni wazo ni lile lile, na lina historia. George Westinghouse wa Marekani alipotoa breki yake ya upepo mwaka 1869, upepo ulipelekwa kwenye mabehewa pale tu dereva alipotaka kusimama. Mpira mmoja ukichomoka, treni nzima imebaki bila breki. Mwaka 1872 akaligeuza jambo juu chini: bomba kuu lijae upepo muda wote, kila behewa liwe na tangi lake, na upepo ukipungua bombani ndipo breki zikamate. Tangu hapo mpira uliochomoka ukawa unasimamisha treni badala ya kuiachia. Mtoto anayejua kwamba kile kipande cheusi cha tyubu kinabeba wazo hilo anajua jambo ambalo wahitimu wengi hawalijui.

Na kama bado mtu anaona haya ni mambo ya kuchezea, akumbuke tarehe 24 Juni 2002. Mkoani Dodoma, treni ya abiria yenye hitilafu ya breki ilirudi nyuma ikiteremka mlima, ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa inakuja. Watu 281 walikufa. Sitaji msiba huu ili kumnyooshea mtu kidole. Nautaja kwa sababu nchi iliyozika watu 281 haina ruhusa ya kumwambia mtoto kwamba breki ni mapambo.

Lipo jambo jingine ambalo mipira hufundisha, nalo ndilo ninalolipenda zaidi: ulegevu. Mtoto anapofunga mpira mara ya kwanza huuvuta ukanyooka, kwa sababu ulionyooka unapendeza. Kisha anaivuta treni yake kwenye kona ya uwanja na mpira unang'oka, au behewa linaanguka ubavu. Hapo hakuna mwalimu wa kumweleza, kona yenyewe imeshamweleza. Anaufunga tena ukiwa mrefu kidogo, umening'inia kama tabasamu. Ukiwa mrefu mno unaburuzika chini na kunasa kwenye jiwe. Kati ya mfupi mno na mrefu mno kuna kipimo, na anakitafuta kwa mikono yake. Chini ya kichwa cha dizeli-umeme, kama vile U30C za General Electric ambazo TAZARA ilizipata miaka ya 1980 baada ya vile vya haidroliki kutoka China, nyaya nene za kupeleka umeme kwenye mota za magurudumu huachwa zimelegea kwa sababu hiyo hiyo: magurudumu hugeuka kwenye kona, sanduku la juu haligeuki. Mhandisi na mtoto wa Ikinga wamekutana kwenye jibu moja.

Nimekaa kwenye benchi la nyuma katika maonesho ya shule, mahali nisipopataja, nikamwona mjumbe wa kamati ya kutoa alama akiinua kichwa cha treni cha mvulana wa darasa la sita. Kilikuwa na mipira sita na waya mmoja mnene uliosukwa. Mjumbe akasema, "Mwanangu, kazi nzuri, lakini hizi nyuzinyuzi zinaichafua. Ungezitoa ungepata nafasi ya kwanza." Kijana akajibu, "Shikamoo. Huu waya ni wa kuunganisha vichwa viwili, dereva mmoja aviendeshe vyote." Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Vichwa vya dizeli vinavyofuata utaratibu wa Marekani huunganishwa kwa waya wa namna hiyo, wenye njia 27 ndani yake, ndipo mtu mmoja akavuta mzigo kwa injini mbili au tatu. Mjumbe akatikisa kichwa, akaenda kwenye meza inayofuata. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa nyumba ya maboksi iliyopakwa rangi vizuri. Sina ugomvi na nyumba ile. Nina ugomvi na jicho linaloita "safi" kila kitu ambacho hakina cha kuulizwa.

Jicho hilo linalelewa. Treni za Mchongoko, zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, pua zake zimefunikwa, hakuna linaloning'inia. Ni nzuri, na mfuniko una sababu zake. Lakini mtoto anayeichora sasa anachora yai lenye madirisha, na mtu mzima anampigia makofi. Vivyo hivyo magari ya plastiki ya dukani, yamezibwa kila upande, huwezi hata kuona ekseli. Tumezoea vitu vilivyofichwa mpaka kilichofunuliwa kinaonekana kichafu.

Wapo watakaosema ninawabebesha watoto mambo ya Wazungu, wale wazee wa Ulaya na Marekani wenye treni ndogo za kipimo cha moja kwa 87, wanaonunua mipira ya breki iliyotengenezwa tayari kwenye pakiti na kuibandika kwa koleo huku wamevaa miwani ya kukuzia. Siwaonei wivu na siwacheki. Wanatazama picha ya kichwa halisi kabla ya kubandika, na hilo ni adabu. Tofauti ni kwamba wao mpira wanaununua na mtoto wetu anaubuni. Sijui kwa nini tuone aibu kwa hilo.

Nami nina sharti langu, maana sitetei kila kamba iliyofungwa popote. Ipo mipira ya uongo. Nimeona treni imefungwa nyaya kumi na mbili zisizotoka popote wala kwenda popote, kwa sababu mtoto aligundua kwamba nyaya nyingi huwavutia watu. Hiyo ndiyo mapambo, na huyo aambiwe ukweli. Swali la kumpima ni moja: huu unatoka wapi, unakwenda wapi, na unabeba nini? Akijibu, mpe alama zake hata kama rangi imemwagika hadi kwenye magurudumu. Akishindwa, mpeleke stesheni akatazame tena. Nauli ya Mlowo ni ndogo kuliko bei ya gari la plastiki.

Hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali sekondari, na maneno "ujuzi" na "ufundi" yako kwenye kila hotuba. Mwaka 2025 umesainiwa mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya CCECC ya China wa kuifufua TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Zitahitajika karakana zenye watu, na watu hao leo wana miaka kumi na moja, wameketi uani na tyubu ya baiskeli na kisu butu. Tukiwafundisha sasa kwamba kilichofichwa ndicho kizuri, tutaagiza mafundi kama tunavyoagiza vipuri, kisha tutalalamika kwamba ajira wamepewa wageni.

Kwa hiyo, ndugu wajumbe wa kamati, maonesho yajayo msianze na rangi. Igeuzeni treni chali, mtazame chini yake. Na ninyi mafundi umeme wa Tunduma mnaofagia vipande vya waya kila jioni na kuvitupa mtaroni, viwekeni kwenye mfuko. Mwenye safari ya Ileje atubebee. Vya njano tunavyo vya kutosha, ni vyekundu vinavyotuishia.