Salamabila: Aliyepigwa picha naye aione

Familia inayokimbia vita haina muda wa kuchagua. Inachukua sufuria, mkeka, mtoto mgongoni na, bahati ikiwepo, kadi ya uchaguzi. Albamu ya picha inabaki nyumbani. Kwa wengi waliofika Salamabila kutoka vijiji vingine vya wilaya ya Kabambare, sura pekee wanayoweza kuonyesha ni ile ndogo ya kwenye kadi, na kadi nyingine zimefutika hata sura hiyo haionekani tena.

La ajabu, watu hao hao hupigwa picha sana. Mgeni anafika na gari wakati wa kugawa chakula au kuandikisha majina, anapiga, anaondoka. Picha inakwenda Kinshasa, Ulaya, Marekani. Mama aliyepigwa haioni hata siku moja.

Zamani za filamu ya slaidi, ambayo waliosoma misheni wanaijua kwa jina la diapo, jambo hili lilikuwa wazi zaidi. Filamu ya kawaida hutoa negativu, na kwa negativu moja unasafisha picha nyingi upendavyo. Diapo haina negativu. Kipande kile kile kilichokuwa ndani ya kamera ndicho picha. Ukikiinua mbele ya dirisha unamwona mtu na rangi zake zote. Ni kimoja tu. Anayeondoka nacho, ameondoka nacho.

Kivu inalo mfano mkubwa. Kuanzia 2010, Richard Mosse wa Ireland alipiga picha huko kwa filamu ya aina hiyo, Aerochrome ya Kodak, iliyobuniwa kwa kazi za jeshi ili kufichua waliojificha majanini. Majani mabichi hutoka ya waridi. Mwaka 2013 kazi yake ya rangi hizo ilionyeshwa Venice, Italia. Si kazi mbaya. Iliwafanya watu watazame vita ambavyo walikuwa wamechoka kuvisikia. Lakini mtazamaji asiyeijua Kivu alirudi kwake na milima ya waridi na bunduki, basi.

Lubumbashi walianzia upande mwingine. Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao waliunda kikundi wakakiita Picha, kwa Kiswahili cha nyumbani, na tangu 2008 wanaandaa maonyesho ya sanaa ndani ya mji wao wenyewe. Hata 2020, korona ilipofunga njia na wageni wakashindwa kuingia, wapiga picha wa Kongo kama Arlette Bashizi na Moses Sawasawa waliifanya kazi hiyo kwa pamoja, na dunia ikaona. Mpiga picha wa namna hii atakutana kesho sokoni na mtu aliyempiga. Atadaiwa picha yake, na ni vizuri adaiwe.

Salamabila haihitaji kungoja maonyesho makubwa. Vijana wana simu, na mafundi wa kusafisha picha wapo. Vijana wenyeji na wale waliokimbilia hapa wapigane picha wenyewe kwa wenyewe: rafiki akisuka nywele, akirudi machimboni, akicheza mpira, akiwa amevaa shati lake zuri. Huko nje jina la Salamabila linajulikana kwa dhahabu ya Namoya na Mai-Mai. Watu wake ni zaidi ya hayo.

Tahadhari ipo, tena kubwa. Sura ya mtu pamoja na mahali anapolala, ikirushwa WhatsApp, inaweza kumfikia yule aliyemkimbia. Kwa hiyo aulizwe kwanza, na akikataa, simu irudi mfukoni. Picha ya karatasi, iliyo mkononi mwa mwenyewe, ni salama zaidi.

Na mashirika yanayopiga picha wakati wa ugawaji, yarudi na nakala. Karatasi moja kwa kila familia si gharama kwa anayeleta gari kutoka Kindu. Watoto waliozaliwa njiani hawana hata kadi ya uchaguzi ya kuonyesha sura zao.