CV ZA ELFU KUMI NA TANO ZINAWAMALIZA WATOTO WA UHASIBU, NA MIMI NILIWAHI KUZIUZA

Najua mnasubiri mwendelezo wa yule msanii na gari la kuazima. Itakuja, tulieni. Leo kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, nisipolitoa nitapasuka.

Kuna dada mmoja wa mtandaoni, simtaji, mkimjua kaeni kimya. Ni yule anayepiga picha kwenye magari ambayo hatujawahi kumuona akiendesha. Msimu wa fildi ukikaribia anaweka vipodozi pembeni anaanza kuuza CV. Unalipa elfu kumi na tano, unatumiwa faili WhatsApp, unabadilisha jina, unaprinti, halafu eti unaitwa ofisini ndani ya wiki. Juzi kapandisha video anasema mwanachuo wa uhasibu asiye na CV yake asahau ofisi za maana. Chini ya video watoto kibao wanaomba namba ya kulipia, na wengine ni wa hapahapa Tunduma, nawajua kwa majina.

Sasa niseme bila kupepesa macho: ile biashara ni utapeli wenye rangi nzuri. Na sio kwamba namuonea wivu. Mimi mwenyewe niliuza takataka ileile kabla yake, tena kwa bei ndogo.

Kabla ya blogu hii nilikuwa nachapa kwenye steshenari moja hapa mjini, karibu na barabara kuu ya kwenda mpakani. Elimu yangu ni form four, kompyuta nilijifundisha mwenyewe. Mwanachuo akija anataka CV, nilikuwa na faili moja tu. Nafuta jina la aliyetangulia, naweka jina jipya, nabadilisha chuo, buku tatu, anayefuata. Kila aliyekuja alitoka pale akiwa "mchapakazi, mwaminifu, anayejituma, anayeweza kufanya kazi kwenye presha bila kusimamiwa". Wote walipenda kusoma vitabu, kusafiri na kuangalia filamu. Kusafiri! Wengine walikuwa hawajawahi kuvuka Mbeya.

Niliona nawasaidia. Mpaka alipokuja binti mmoja wa Sogea.

Alikuwa mwaka wa pili, uhasibu, chuo kimoja cha Mbeya. Nikamchapia kama wengine, akasambaza bahasha zake za kaki kwenye ofisi nne. Akakaa kusubiri simu. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Wiki ya tatu wenzake wameshaanza fildi, akaamua kwenda kuulizia kwa miguu. Ofisi moja wakamwambia: "Wewe si tulikupigia ukatujibu tumekosea namba?" Nafasi walishampa mwingine.

Akaja steshenari. Hakupiga kelele. Aliweka ile karatasi juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye namba ya simu, akaniuliza, "Kaka, hii namba ya nani?"

Ilikuwa namba ya jamaa niliyemchapia kabla yake. Nilibadilisha jina, nikasahau namba. Nikamrudishia buku tatu yake. Aliiacha palepale kaunta akaondoka.

Kwaiyo nikiona mtu anauza faili moja kwa watoto kibao nashindwa kunyamaza. Najua linapoishia.

Haya, tuje kwenye hoja. Kwa nini CV ya kunakili ni mbaya kwa kila mtu ila kwa mtu wa uhasibu ni mbaya mara mbili? Kwa sababu kazi ya mhasibu ni kuhakiki. Anakagua tarehe, anafuatilia risiti, anauliza hii hela imetoka wapi. CV yako ndo hesabu ya kwanza unayompelekea. Kama umeandika umemaliza form six 2022 na chuo umeanza 2021, hiyo haijabalansi. Kama jina la chuo limekosewa herufi, umemwambia kwamba ukipewa vocha utakosea jina la mlipwaji. Hana haja ya kukufanyia usaili.

Halafu hawa wauzaji wanakuibia kitu kikubwa kuliko elfu kumi na tano. Wanakuibia historia yako.

Yule binti wa Sogea nilikuja kumjua vizuri baadaye. Mama yake ananunua mahindi Mlowo anauza hapa mjini. Tangu akiwa form two yeye ndo anashika daftari la duka: nani kakopa, nani kalipa, gunia ngapi zimeingia, ngapi zimetoka. Jioni wanahesabu droo, shilingi upande huu, kwacha upande huu, wanapiga mahesabu kwa bei ya siku hiyo, wanaangalia kama hela inalingana na daftari. Isipolingana hawalali. Jamani, huo si ndo uhasibu wenyewe? Mtoto ana miaka sita ya kulinganisha fedha taslimu na daftari, tena kwa sarafu mbili, halafu mimi nikamwandikia anapenda kusafiri!

Sehemu ile ilitakiwa isomeke hivi: "Natunza daftari la mauzo na madeni la biashara ya mahindi ya familia. Nalinganisha fedha taslimu na daftari kila jioni, kwa shilingi na kwacha." Sentensi mbili tu, na zote za kweli. Ukiulizwa utaeleza mpaka bosi achoke. Hiyo CV hakuna dada wa Instagram anayeweza kukuuzia, hakukuwepo dukani kwenu.

Na usiniambie wewe huna kitu. Umekuwa mweka hazina wa darasa? Andika ulikusanya hela ya nini na ulitoaje taarifa. Unamsaidia shangazi kuandika kikoba? Andika. Umekaa na wakala wa fedha za simu ukajifunza kufunga mahesabu ya siku? Andika. Umefanya zoezi la chuo la kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki? Andika kwamba ni zoezi la chuo, usiseme ulifanya benki. Kukuza mambo ni uongo, na uongo kwenye fani hii ndo unaowapeleka watu mahakamani.

Kingine, CV moja haiendi ofisi zote. Angalia mkoa wetu. Songwe ilitoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu Vwawa, kwaiyo ofisi za serikali zipo. Hapa Tunduma tuna mpaka na Nakonde, kituo cha pamoja kilizinduliwa Oktoba 2019, malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo yanapita hapa kwenda bandari ya Dar, na mawakala wa forodha wapo. Mbozi kuna kahawa na vyama vya msingi vya wakulima. Hizo ni kazi tofauti.

Ofisi ya wakala wa forodha inahangaika na nyaraka: gari gani limelipiwa nini, dereva kapewa shilingi ngapi ya njiani, karudi na risiti gani. Ukiomba huko, kitu cha juu kiwe mpangilio wako wa nyaraka na kulinganisha risiti na malipo. Chama cha msingi kina mizani na majina ya wakulima: kilo ngapi, makato gani, mkulima alipwe kiasi gani. Ukiomba huko, onyesha umewahi kutunza orodha ndefu bila kuchanganya watu. Halmashauri wanatumia MUSE kwenye malipo, na mwanafunzi wa fildi usitegemee kupewa neno la siri. Kwaiyo usiandike wewe ni mtaalamu wa MUSE. Andika unaelewa hati ya malipo inaambatanishwa na nini kabla haijasainiwa. Mhasibu akisoma hivyo anajua huyu kaelewa kazi.

Na uwe tayari kuthibitisha. Umeandika unajua VAT? Utaulizwa: bidhaa imeuzwa 118,000 na VAT ya asilimia 18 imo ndani, kodi ni kiasi gani? Ukikimbilia kuzidisha 118,000 kwa asilimia 18 umeshaanguka. Unagawanya kwa 118, unazidisha kwa 18, jibu 18,000. Umeandika unajua Excel? Sema unafanya nayo nini: kujumlisha, kuchuja, kutengeneza jedwali la mauzo. "Najua kompyuta" haimaanishi kitu, hata mimi najua na mnaona nilichofanya nayo.

Sasa najua wapo watakaokuja chini hapo na wimbo wao: "Bongo konekisheni, bila mjomba hupati, CV ni makaratasi." Kuna kaka mmoja ana ukurasa mkubwa, kila siku anaimba hilo, na anapigiwa makofi.

Sikatai. Konekisheni ipo, nimeiona kwa macho yangu. Nimeona dogo kaingia fildi hajapeleka hata karatasi, kashushwa mlangoni na mjomba. Ila tufikirie kidogo. Mjomba huyohuyo, mara nyingi kitu cha kwanza anakwambia ni "nitumie CV niwapelekee". Ukimtumia yenye namba ya mtu mwingine umemwaibisha yeye, na mwakani hapokei simu yako. Na ambaye hana mjomba je? Mtoto wa Chapwa, baba anasukuma toroli mpakani, silaha yake ni ipi kama sio ile karatasi? Wewe kaka wa makofi unapomwambia karatasi haina maana, umemnyang'anya kitu pekee alichonacho, halafu unajiita mtetezi wa wanyonge. Acha hizo.

Na ninyi wa maofisini msicheke, nanyi mmo. Mnapokea watoto wiki nane, mnawatuma chai na kutoa kopi, halafu mnasaini fomu zao kwamba wamejifunza uhasibu. Kuna watoto wanapanga chumba na kula kwa hela ya kuungaunga ili wafanye hiyo fildi. Wapeni hata risiti za mwezi uliopita wazipange kwa tarehe. Hamtapungukiwa.

Kwa wanachuo, namalizia na mambo madogo yanayoua CV nyingi, nayasema kwa sababu nimeyachapa kwa mikono yangu. Kurasa mbili zinatosha, moja ikitosha ni bora zaidi. Dini, urefu na kabila toa, haviongezi hesabu. Ile baruapepe uliyofungua form one ukijiita mtoto mzuri, fungua nyingine yenye jina lako. Wadhamini waombe ruhusa kwanza, mwalimu akipigiwa akasema "huyo nani?" umekwisha. Usiandike CPA eti kwa sababu unaisomea. Hiyo inatoka NBAA, mpaka mitihani iishe na usajiliwe. Kama umefanya ngazi ya chini, andika hiyohiyo, ni heshima tosha. Tuma kwa PDF, na faili lipewe jina lako, sio "CV mpya mpya ya mwisho 2". Barua ya utambulisho ya chuo iambatane.

Halafu mpe mtu mwingine aisome kwa sauti. Na kabla hujaprinti, chukua simu ya rafiki yako, piga namba iliyoandikwa juu pale. Isipoita mfukoni mwako, usitoke nyumbani.

Yule binti alianza fildi wiki tatu nyuma ya wenzake, kwenye ofisi ambayo hakuipanga, na alimaliza. Mimi niliifuta ile faili siku ileile. Jumamosi hii na inayofuata, mwanachuo yeyote wa uhasibu aliyepo Tunduma, Mpemba au Vwawa anitumie CV yake, naisoma bure namwambia penye tatizo. Sitakuandikia. Utaandika mwenyewe.

Na wewe dada wa elfu kumi na tano, najua unasoma hapa kila siku. Karibu kwenye komenti. Ila njoo na CV yako ya kwanza uliyoombea fildi, tuone uliandika nini.