Huzuni ya Moyo na Siku za Mwanamke

Katika familia zetu msichana akikosa siku zake huulizwa swali moja tu: "Nani amekupa mimba?" Mama aliyefiwa na mtoto, hedhi yake ikikatika, huambiwa amerogwa. Sisi twasema maneno hayo humwongezea jeraha mtu aliyekwisha kuumia.

Hedhi haiongozwi na tumbo la uzazi peke yake. Ubongo ndio unaopeleka ujumbe kwenye tezi iliyo chini yake, nayo tezi hutoa homoni zinazokomaza mayai. Mwanamke akipatwa na kiwewe, kwa kufiwa, kupigwa, kubakwa au kukimbia vita, ujumbe huo waweza kupungua. Yai huchelewa kupevuka, na hedhi huchelewa au hukatika kabisa. Katika Vita Kuu ya Pili (1939–1945), wanawake wengi waliofungwa katika kambi za Wanazi waliacha kupata hedhi. Njaa ilichangia, lakini wako ambao ilikatika mara walipofikishwa kambini, njaa haijawadhoofisha.

Wanandoa wanaofuata njia ya Billings hufundishwa kwamba wasiwasi mkubwa huweza kuchelewesha yai. Ndiyo sababu mke huangalia dalili za mwili wake, wala hategemei kuhesabu siku tu. Basi mume anayeheshimu dalili hizo ajifunze pia kuuliza kwa upole, "Mama, una nini moyoni?"

Hata hivyo, tusidhani kila badiliko latokana na huzuni. Hedhi ikikosekana miezi 3, au damu ikitoka zaidi ya siku 7, mwanamke aende zahanati apimwe mimba, wingi wa damu na magonjwa mengine. Aliyebakwa apelekwe hospitali mara moja, kwani dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72.

Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 (Mk 5:25-34) alimweleza Yesu kweli yote, naye hakumwaibisha, bali alimwita binti. Nasi twaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo, pamoja na WAWATA, ziwe na mama mmoja mtunza siri, ambaye binti zetu wataweza kumwendea bila hofu. Dawa ya zahanati inahitajika. Lakini jeraha lililofichwa kwa sababu ya aibu halitapona kwa vidonge peke yake.