Maktaba Isiwe Mpangaji wa Vitabu Vyake

Wasee, kila mtu siku hizi anasema maktaba ziingie kidijitali. Sawa, hata mimi nataka. Nikiwa hapa Runyenjes, kuazima kitabu kwa simu bila kupanda matatu hadi Embu mjini ni kitu poa sana. Lakini kuna swali sisikii mtu akiuliza: hivyo vitabu vitakuwa vya nani?

Maktaba ikinunua kitabu cha karatasi, ni mali yake. Itakiazimisha mpaka jalada litoke, ikibandike selotepu, kiendelee na kazi. Kitabu cha kidijitali hakiendi hivyo. Maktaba hupewa leseni tu, mara nyingi kupitia dalali kama OverDrive, wenye programu ya Libby. Yaani inakodisha. Simu ya lipa mdogo mdogo ukikosa kulipa inafungwa, lakini ukimaliza deni ni yako. Leseni nyingi za vitabu hazina siku ya kumaliza deni.

Na landlodi wa biashara hii hana huruma. Mwaka wa 2011 HarperCollins iliambia maktaba za Marekani kwamba nakala moja ya kielektroniki itaazimwa mara 26, kisha inunuliwe upya. Mwaka wa 2018 Penguin Random House ikaweka leseni za miaka 2. Mwaka wa 2019 Macmillan ikasema maktaba, hata iwe ya jiji zima, ipate nakala moja tu ya kitabu kipya kwa wiki 8 za kwanza. Maktaba kadhaa ziligoma kununua vitabu vyao vya kielektroniki, na Machi 2020 kampuni ikaachana na mpango huo.

Sasa leta hesabu hiyo nyumbani. Katiba ya 2010 iliweka maktaba za kaunti mikononi mwa kaunti zenyewe. Na kaunti zetu, unazijua, kila mwaka zinalia pesa zimechelewa kutoka Nairobi. Bajeti ikikwama, kitabu cha karatasi kinabaki kwenye rafu kikikungoja. Cha kukodisha kinapotea. Anayeumia ni mwanafunzi wa Fomu Four aliyefika katikati ya riwaya.

Kwa hivyo kabla ya saini yoyote, kampuni ijibu haya:

Moja, mkataba ukiisha tunabaki na nini?

Mbili, Siku Njema ya Ken Walibora iko? Na waandishi wengine wetu je? Usiniletee maelfu ya vitabu vya watu wa Ohio halafu rafu ya Kiswahili iwe tupu.

Tatu, naweza kupakua kitabu nikiwa na bando kidogo, nisome bila intaneti, kwa simu ya bei ya chini?

Nne, nani anaona ninachosoma? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Msichana anayetafuta kitabu kuhusu mwili wake hafai kugeuzwa bidhaa ya matangazo.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "Buda, si kukodisha ni afadhali kuliko kukosa?" Hapana, si wakati kodi inakula pesa za kununua. Kodisha vile vinavyosomwa msimu mmoja. Vitabu vya miaka yote, nunua. Na wachapishaji wako hapa hapa Kenya. Kaunti ikae nao mezani, iombe nakala za kielektroniki za kununua kabisa, si za kukodi.

Na sisi tusikae tu tukingoja uzinduzi na kukatwa kwa utepe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkataba wa maktaba ni habari. Uombe. Usome. Siku ya kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, fika ukae mbele, uulize vitabu ni vya nani.