Mabango ya Senema Tusiyaue kwa Nailoni

Liko neno limenikaa rohoni siku nyingi, na leo nalitoa. Sisi watu wa Pwani tuna huruma na vitu vya kale, lakini huruma yetu nyingine ni ya kuua. Mtu akipata karatasi ya marehemu babake, iwe ni hati ya shamba, utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, au bango la senema la miaka ile, kwanza hukimbilia utepe wa gundi. Utepe usipofaa, huipeleka mjini ikatiwe nailoni. Hurudi nayo inang'ara, naye amefurahi, kumbe ameimaliza.

Jirani yangu mmoja alirithi bango la Sholay, ile filamu ya 1975 ya akina Amitabh Bachchan na Dharmendra, kutoka kwa mjomba wake aliyekuwa akikata tikiti mlangoni. Lilikuwa limechanika penye mikunjo, maana mabango hayo yalisafirishwa yamekunjwa kama barua. Duka alilolipeleka, ambalo sitalitaja, halikuwa na mashini ya upana ule, basi kingo zikakatwa kwa mkasi ndipo likaingia. Na aghalabu ni huko chini ukingoni, kwa maandishi madogo, ndiko mpiga chapa alikoandika jina lake. Jina likaenda na taka. Lililobakia limebanwa katikati ya nailoni mbili kwa moto, na gundi imekwisha kuingia katika nyuzi za karatasi. Hakuna fundi atakayelitoa humo likiwa zima.

Mimi mwenyewe nina miaka miwili nikijifunza njia nyingine, nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula, na wenye meza wakininung'unikia. Njia hiyo naiita kulitia bango mgongo. Karatasi dhaifu hubandikwa karatasi nyingine nyuma yake, nyembamba na yenye nguvu, ikaishikilia kama ubao unavyoushikilia mfupa uliovunjika. Karatasi ya mgongo iliyo bora ni ya Kijapani iitwayo kozo, ya nyuzi ndefu za gome la mti wa jamii ya mforsadi. Ufundi wa kuitengeneza kwa mikono uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Bango la senema, kwa upande wake, lilipigwa chapa juu ya karatasi rahisi ya mti uliosagwa, ambayo hujizalia asidi yake yenyewe, ikageuka njano, ikakauka kama jani la mgomba lililoanguka.

Siri yote imo katika gundi. Watu wa chuoni tulikuwa tukigandisha juzuu zetu kwa uji wa unga wa ngano, na hatukuwa mbali na haki. Ila unga mzima una ule utomvu unaonata, nao huvuta wadudu na hugeuka mgumu. Kwa hiyo unga hukandwa donge, donge likaoshwa katika maji mpaka maji yawe meupe kama tui, kisha yakaachwa yatulie. Kinachozama chini ni wanga mtupu. Huo ndio upikwao kwa moto mdogo huku ukikorogwa bila ya kuachwa, kisha hupitishwa katika kitambaa safi cha kuchujia mara mbili au tatu, hata usione punje. Wajalidi wengine wa zamani walikuwa wakitia mrututu ili mende wasiile kazi yao. Usiutie. Shaba iliyomo ndani ya mrututu huila karatasi yenyewe polepole, ukawa umefukuza mende ukamkaribisha simba.

Kabla ya maji kuligusa bango, kila rangi hujaribiwa kwa tone moja pembeni, likafyonzwa kwa karatasi ya kukaushia wino. Wino wa mashini mara nyingi huvumilia. Wino wa muhuri wa jumba la senema hukimbia. Lililofaulu hulazwa kifudifudi juu ya nailoni (hapa ndipo mahali pake nailoni!) likalowanishwa mpaka mikunjo ilegee na uchafu wa rangi ya chai utoke. Kisha karatasi ya Kijapani iliyopakwa gundi hushushwa juu yake pole pole kwa brashi pana, kutoka katikati kwenda nje. Ukipenda haraka, tafuta kazi nyingine. Kukausha peke yake, kwa hewa yetu hii ya bahari, huchukua siku kadhaa, na gundi ya jana imekwisha chacha.

Lakini sifa kubwa ya kazi hii ni kwamba hutenguka. Akija mwana wa mwanangu miaka hamsini ijayo, naye ana elimu kuliko yangu, atalowesha maji mgongo wangu, aubandue, atie wake. Ndiyo sababu tundu lililozibwa hupakwa rangi juu ya kiraka tu, wala brashi haivuki kwenda juu ya kazi ya mchoraji wa kwanza. Na bango ambalo bado lina nguvu halitiwi mgongo kabisa. Hilo huwekwa tu.

Wako watakaoniuliza, haya mabango ya wacheza ngoma wa Kihindi yana nini hata mzee mzima ajitaabishe? Nawajibu kwamba M. F. Husain, mchoraji mashuhuri wa India aliyefariki 2011, alianza kazi yake kwa kuchora mabango ya senema Bombay. Tena kwenye mengi ya mabango hayo jina la filamu liliandikwa mara tatu, kwa Kiingereza, kwa herufi za Kihindi, na kwa Kiurdu. Sisi watoto wa chuoni hatukujua neno la Kiurdu, lakini herufi zilikuwa nduguze zile za ubao wetu, basi tulisimama ukutani tukiunganisha alifu na lamu mpaka jina likatoka. Majumba mengi tuliyosimama nje yake yamefungwa au yamegeuka maduka. Ushahidi kwamba watu wetu walijipanga pale siku za Idi, na kanzu zao zimetiwa wanga, sehemu yake kubwa ni karatasi hizi.

Mwingine ataniambia kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Sikushika kalamu kutoa fatwa. Yangu mimi sikuyatundika. Yamelala katika saraka, mbali na jua na mbali na ukuta wa mawe unaotoa chumvi.

Basi aliye na bango, au hati, au kasida ya babu yake iliyochanika, leo na asiipeleke popote. Aondoe mavumbi kwa brashi laini, ailaze sawa kati ya makaratasi meupe mawili, juu na chini aweke kadibodi safi, aiandikie kwa penseli ilitoka kwa nani na mwaka gani. Vipande vilivyobanduka avitie vyote katika bahasha, hata kile kidogo kama ukucha, maana mara nyingi hicho ndicho chenye jina.