Bonasi ya Kocha kwa Alama za Mwanafunzi

Katika vyuo vikuu vya Marekani, mikataba mingi ya makocha huahidi bonasi, yaani malipo ya ziada juu ya mshahara, iwapo wachezaji watafanya vizuri darasani. Kipimo kinachotumika sana ni cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, ambacho kila muhula humpa mwanamichezo anayefadhiliwa pointi moja kwa kubaki chuoni na nyingine kwa kutimiza masharti ya masomo, kisha pointi za timu hupigiwa hesabu kati ya 1000. Timu yenye wastani wa chini ya 930 huzuiwa kushiriki mashindano ya mwisho wa msimu, kama ilivyoipata timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Connecticut mwaka 2013.

Adhabu hiyo ina mantiki, bonasi haina. Kocha hasahihishi mitihani, na njia yake rahisi ya kupandisha alama ni kumsukuma kijana kwenye kozi nyepesi. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, uchunguzi wa 2014 ulibaini kuwa kwa takriban miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,000, karibu nusu yao wanamichezo, waliandikishwa katika kozi zisizo na mihadhara, na ingawa mpango huo ulianzishwa na mtumishi wa idara ya masomo, wala si kocha, ulidhihirisha jinsi alama zinavyopanda pasipo elimu. Fedha za bonasi zielekezwe kwa wakufunzi wa ziada, na kocha apimwe kwa saa za mazoezi anazopunguza wakati wa mitihani.